Mkuki Haumrudishi Samaki: Sheria za Majimbo ya Marekani kuhusu Vifaa vya Uvuvi wa Mkuki

Wazamiaji wenzangu wanaojiandaa kuvua kwa mkuki katika pwani za Marekani huniuliza karibu kila mara swali lile lile: bunduki ya mkuki ya aina gani inaruhusiwa katika jimbo fulani, na iwe na urefu gani. Kila ninapolijibu hubaki na hisia kwamba nimeshughulikia jambo dogo na kuliacha kubwa, kwa sababu majimbo mengi ya pwani hayahangaiki sana na urefu wa bunduki wala na idadi ya mipira iliyofungwa juu yake. Yanahangaika zaidi na hewa anayoivuta mzamiaji, samaki anayemlenga, mahali alipo, na vitu vingine alivyobeba pamoja na mkuki wake. Msomaji anayefungua kitabu cha kanuni akitafuta sura ya silaha peke yake atakuta mistari michache, ataridhika mapema, na atavunja sheria siku ya kwanza bila kujua.

Nimekuja kuamini kwamba kanuni hizi, ingawa zimetawanyika na hutofautiana kutoka jimbo moja hadi jingine, kwa sehemu kubwa zimejengwa juu ya ukweli mmoja. Mvuvi wa ndoana akimtoa majini samaki mdogo, au samaki aliyekatazwa, ana nafasi ya kumfungua na kumwachia aende zake. Mvuvi wa mkuki hana nafasi hiyo. Mshale ukishapita mwilini, samaki hawezi kurudishwa, na kosa likishafanyika haliwezi kutenduliwa. Kwa hiyo sheria inalazimika kuusogeza uamuzi wote nyuma, kabla ya kidole kugusa kifyatulio, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini kanuni za vifaa zimeandikwa zilivyoandikwa.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Upo mkuki wa kawaida unaosukumwa kwa mkono. Upo mkuki wa mpira, wenye kitanzi cha mpira kwenye mwisho wake, ambao mzamiaji huuvuta kwa kiganja na kuushikilia ukiwa umenyooshwa mpaka wakati wa kuuachia. Ipo manati ya Hawaii, ambayo mshale wake hupita katika tundu la kishikio na kusukumwa na mpira uliovutwa kwa mkono. Na ipo bunduki yenye kifyatulio, inayorusha mshale kwa nguvu ya mipira au ya hewa iliyoshindiliwa. Florida, katika tafsiri yake ya kisheria, imevikusanya vyote chini ya paa moja: uvuvi wa mkuki ni kumpata samaki kwa mkuki wa ncha moja au nyingi, wenye miiba ya kumzuia samaki asichomoke au usio nayo, unaosukumwa kwa mkono au kwa mtambo, ukiwa mikononi mwa mtu anayeogelea juu ya maji au chini yake. Texas nayo imeweka mkuki na bunduki ya mkuki katika fungu moja, na haimruhusu mvuvi kuchukua kwa vifaa hivyo samaki yeyote aliye katika orodha yake ya samaki wa mchezo, iwe katika maji baridi au katika maji ya chumvi. Ndiyo maana mtu anayefikiri kwamba ataepuka katazo kwa kuacha bunduki nyumbani na kubeba mkuki wa mpira anajidanganya. Katika macho ya sheria nyingi hizi, chombo kinachotoboa mwili wa samaki ni chombo kinachotoboa, kiwe na kifyatulio au kisiwe nacho.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa kuonyesha mantiki hii ni wa samaki anayeitwa snuku huko Florida. Jimbo linaruhusu avuliwe kwa ndoana katika msimu wake, lakini kwa kipimo chenye mipaka miwili: upande wa Atlantiki awe na urefu wa inchi 28 hadi 32, na upande wa Ghuba ya Meksiko awe na inchi 28 hadi 33. Aliye mfupi kuliko hapo hurudishwa, na aliye mrefu kuliko hapo hurudishwa vilevile. Mpaka wa juu umewekwa kwa sababu snuku huanza maisha akiwa dume na baadaye hugeuka kuwa jike, hivyo wale wakubwa ndio mama wa kizazi kinachofuata. Sasa fikiria mzamiaji aliye kwenye maji yenye ukungu, akimtazama samaki anayesogea, akijaribu kukadiria kama ana inchi 32 au 34. Akikosea, amemuua jike ambalo kanuni nzima iliandikwa kwa ajili ya kulilinda. Florida haikutaka kumwachia mtu yeyote makadirio hayo, ikakataza kabisa kumchoma snuku kwa mkuki.

Mantiki hiyo ilionekana tena kwa chewa goliathi. Uvuvi wa samaki huyu mkubwa ulifungwa huko Florida mwaka 1990, baada ya kupunguzwa vibaya. Ni samaki mzito, asiye mwepesi wa kukimbia, anayekaa kwenye mapango na mabaki ya meli zilizozama na mara nyingi huja mwenyewe kumtazama mzamiaji, na sifa hizo zote humfanya awe rahisi mno kuchomwa. Jimbo lilipofungua tena mlango mdogo mwaka 2023, lilitoa vibali 200 kwa bahati nasibu, kwa samaki wa urefu wa inchi 24 hadi 36 tu, na likaandika wazi kwamba chombo kinachoruhusiwa ni ndoana na mshipi. Baadhi ya wazamiaji walihisi wametengwa. Mimi naona jimbo lilifanya sawa, kwa kuwa pale penye kipimo chenye mipaka miwili hakuna namna ya haki ya kuuruhusu mkuki.

Hata hivyo, kanuni hazikwenda na mantiki hii mpaka mwisho, na hapo ndipo ninapokuwa na neno la kusema. Samaki wengi wenye kipimo cha chini peke yake wanaruhusiwa kuchomwa. Changu mwekundu wa Ghuba ya Meksiko huko Florida, kwa mfano, lazima afikie inchi 16, na mzamiaji anaruhusiwa kumvua kwa mkuki msimu ukiwa wazi. Lakini maji, yakikutana na hewa iliyo ndani ya miwani ya kuzamia, hupinda mwanga na kumfanya samaki aonekane mkubwa kwa takriban theluthi moja kuliko alivyo. Samaki wa inchi 12 huonekana kama wa inchi 16. Yaani samaki ambaye mgeni wa shughuli hii anaapa kwamba amefikia kipimo, huenda amepungukiwa kwa robo nzima ya urefu unaotakiwa. Nadhani kila jimbo linaloruhusu mkuki kwa samaki mwenye kipimo lingefanya vyema kuandika onyo hili katika ukurasa ule ule wa vipimo. Kwa sasa, dawa iliyo mikononi mwetu ni kuchora alama za inchi kwenye ubavu wa bunduki au kwenye mti wa mkuki, na kuisogeza alama hiyo karibu na samaki kabla ya kuamua. Alama na samaki vikiwa umbali mmoja kutoka jichoni, maji huvikuza vyote kwa kiasi kile kile, na ulinganisho unabaki wa kweli. Ikiwa samaki hawezi kusogelewa kiasi hicho, basi aachwe.

Kwa kambakochi hakuna jimbo kati ya yale mawili makubwa ya uvuvi huu lililobakisha shaka. Florida na California zote mbili zinakataza kumchoma. Huko Florida gamba la kifua na kichwa lazima lizidi inchi 3, na kipimo lazima kichukuliwe kambakochi akiwa bado ndani ya maji, jambo linalomaanisha kwamba mzamiaji hushuka na kipimo chake mkononi. Huko California urefu wa gamba hilo ni inchi 3 na robo, na mzamiaji anaruhusiwa kutumia mikono yake tu, wala haruhusiwi hata kuwa na kifaa chenye kulabu anapowatafuta. Florida inakataza kila chombo kinachoweza kutoboa, kupenya au kuponda gamba. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kumgeuza kambakochi jike na kukuta mayai yamejaa chini ya mkia: jike huyo anatakiwa kurudishwa, na mayai hayo hayaonekani mpaka umshike. Mkuki ungemuua kabla hujajua.

Suala la hewa ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa na wale wanaouliza kuhusu bunduki. Mzamiaji anayeshuka kwa pumzi yake ana dakika chache tu chini ya maji, na ndani ya dakika hizo lazima ashuke, atafute, akaribie, aamue na apande. Mwili wake wenyewe unamwekea kikomo. Mwenye mtungi wa hewa hana kikomo hicho. Anaweza kukaa mbele ya pango mpaka samaki atoke, na anaweza kufika kwenye kina ambacho kwa muda mrefu kimekuwa maficho ya samaki wakubwa wanaozaa. Kisiwa cha Hawaii, upande wake wa magharibi kuanzia rasi ya ʻUpolu hadi Ka Lae, kimekuwa chini ya katazo la uvuvi wa mkuki kwa mitungi ya hewa tangu mwishoni mwa mwaka 2013. Namna kanuni hiyo ilivyoandikwa inastahili kusomwa na kila mtu anayetunga sheria za uvuvi. Haikukataza kitendo peke yake. Ilikataza kuwa na mtungi wa hewa na mkuki kwa wakati mmoja, na ikakataza pia kuwa na mtungi wa hewa pamoja na samaki aliyechomwa kwa mkuki. Ofisa anayekutana na boti hahitaji kushuka majini ili kuthibitisha nani alifanya nini, kwa sababu vitu vilivyoko ndani ya boti vinatosha.

Wakati kanuni hiyo ikijadiliwa, wapo waliosema kwamba wenye mitungi huvua kwenye kina kirefu na hivyo huwapunguzia mzigo samaki wa maji ya juu. Hoja hiyo haikunishawishi. Pono mkubwa aliyesalia kwenye kina kirefu amesalia kwa sababu mkono wa mvuvi haukumfikia, na ukimfikia huko hana kina kingine cha kukimbilia. Maeneo mengine ya Pasifiki yaliyo chini ya Marekani yalikwisha kufikia uamuzi huo au yaliufikia baadaye: American Samoa ilikataza uvuvi wa mkuki kwa mitungi mwaka 2001, na Guam ikafuata mwaka 2020. Haya si majimbo, bali ni maeneo yenye serikali zake, lakini mtu anayezamia Hawaii atafaidika kujua kwamba mawazo hayo yanatembea katika bahari nzima ile.

Florida imechagua njia nyingine. Mtungi wa kawaida, ule unaotoa mapovu, unaruhusiwa kwa uvuvi wa mkuki, lakini mashine ya kupumulia inayosafisha pumzi ya mzamiaji na kumrudishia ili aivute tena imekatazwa. Mashine hiyo haitoi mapovu, na ukimya wake humwondolea samaki ishara ya mwisho iliyobaki ya kumwonya. Katika maji ya serikali kuu, yaani yale yaliyo nje ya mpaka wa maji ya majimbo, upande wa kusini wa Atlantiki, vilevile, mtu anayetumia mashine hiyo haruhusiwi kuvua changu na chewa wa huko kwa mkuki. California kwa upande wake inaruhusu mitungi kwa samaki wengi, lakini kwa miaka mingi iliukataza katika kutafuta abaloni, konokono mkubwa wa miambani, aliyeruhusiwa kuchukuliwa na wale tu wasiotumia mitungi. Mwaka 2018 uvuvi huo wenyewe ulifungwa baada ya misitu ya mwani ya kaskazini kuharibika. Abaloni hachomwi kwa mkuki, lakini nimemtaja kwa sababu anaonyesha kwamba sheria inaweza kumpima mtu kwa hewa anayoivuta na isijali kabisa chombo kilichoko mkononi mwake.

Kuhusu vichwa vya risasi vinavyofungwa kwenye ncha ya mkuki na kulipuka vinapomgusa samaki, maelezo yanaweza kuwa mafupi. Florida imevikataza kwa uvuvi. Katika maji ya serikali kuu yaliyo mbele ya South Carolina vimekatazwa kwa changu, chewa na jamii zao, na kanuni inasema kwamba mtu akikutwa na samaki wa kundi hilo aliyeharibiwa mwili, pamoja na kichwa cha risasi, hiyo yenyewe inachukuliwa kuwa ushahidi kwamba samaki aliuawa kwa kifaa hicho mpaka mtu huyo athibitishe vinginevyo. Kifaa hicho kina historia ya kubebwa kwa ajili ya kujikinga na papa, na sina ugomvi na anayetaka kujikinga pale sheria inapomruhusu. Lakini kukitumia kumvunja vipande chewa aliyejificha pangoni hakuna uhusiano wowote na ujuzi wa kuzamia.

Kuna samaki mmoja ambaye kwake karibu milango yote hii inafunguliwa, naye ni samaki simba. Asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, na alionekana kwa mara ya kwanza katika maji ya Florida mwaka 1985, kisha akaenea katika Karibi na Ghuba ya Meksiko akila samaki wadogo wa miambani bila adui wa kumzuia. Florida haijamwekea kipimo, msimu wala idadi. Anayemvua kwa mkuki wa mpira, manati ya Hawaii, wavu wa mkononi au kifaa cha kuchoma kilichotengenezwa kwa ajili yake peke yake hahitaji hata leseni ya burudani, na tangu mwaka 2014 ile mashine ya kurudisha pumzi, iliyokatazwa kwa samaki wengine wote, imeruhusiwa kwa ajili yake. Hakuna anayetaka samaki huyu arudishwe majini, na kwa hiyo udhaifu mkubwa wa mkuki hapa unageuka kuwa faida yake. Ninawahimiza wazamiaji wapya waanze na yeye, kwa kuwa hakimbii haraka na hukaa karibu na mwamba, ingawa miiba yake ina sumu kali na lazima ashughulikiwe kwa uangalifu mkubwa.

Mbali na bahari, katika Ziwa Winnebago huko Wisconsin, upo uvuvi wa mkuki ambao wazamiaji wengi wa pwani hawaufikirii kabisa, nao unafanyika juu ya barafu. Mvuvi hukaa ndani ya kibanda chenye giza, juu ya tundu lililokatwa kwenye barafu, akimsubiri samaki mkubwa aitwaye stajoni apite chini yake, kisha humtupia mkuki kwa mkono. Tundu haliruhusiwi kuzidi futi za mraba 48, samaki lazima awe na inchi 36 au zaidi, na kila samaki hupelekwa kuandikishwa katika kituo siku ile ile aliyouawa. Msimu hufunguliwa mwezi Februari kwa siku zisizozidi 16, na hufungwa mapema idadi iliyopangwa ikikaribia kufikiwa. Jimbo, kwa kuwa haliwezi kumrudisha samaki aliyechomwa, limeamua kumhesabu kila mmoja bila kumkosa hata mmoja. Mataifa ya Ojibwe, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa jimbo hilo, ambayo haki yao ya kuvua katika ardhi waliyoikabidhi kwa mikataba ilithibitishwa na mahakama ya rufaa ya serikali kuu mwaka 1983, huvua kwa mkuki wakati wa usiku kila majira ya kuchipua kwa utaratibu wa kuheshimika: vibali hutolewa kwa usiku mmoja mmoja, na samaki huhesabiwa hapo hapo ufukweni boti zinaporudi. Walitukanwa na kurushiwa mawe kwa ajili ya haki hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa uangalifu wa kuhesabu, sijui pwani ya bahari inayowakaribia.

Narudi sasa kwenye bahari, na kwenye jambo linalowakamata watu wengi zaidi, yaani mahali. Katika Florida mkuki hauruhusiwi ndani ya yadi 100 kutoka ufukwe wa umma wa kuogelea, gati la kuvulia samaki, au sehemu ya daraja ambako umma unaruhusiwa kuvua. Hauruhusiwi ndani ya futi 100 kutoka ukuta wa mawe unaokinga mlango wa bahari, pale unapojitokeza juu ya maji, isipokuwa katika yadi 500 za mwisho za ukuta unaoingia baharini zaidi ya yadi 1,500. Kaunti nzima ya Collier imefungwa, na vilevile sehemu ya kaunti ya Monroe kuanzia Long Key kuelekea kaskazini mpaka mpaka wa Dade, ambayo ni sehemu kubwa ya visiwa vya juu vya Florida Keys, ndipo ilipo hifadhi ya matumbawe ya John Pennekamp. Katika maji ya hifadhi za jimbo, hata kuwa na kifaa ni kosa, isipokuwa kiwe hakijatayarishwa kwa kufyatuliwa na kimehifadhiwa mahali pake. Kwenye maji baridi ya jimbo hilo, bunduki ya mkuki haitakiwi hata kuonekana ndani ya boti. Ninasisitiza neno kuwa nacho, kwa sababu mgeni aliyezoea sheria zinazoadhibu kitendo hudhani kwamba bunduki iliyolala tu sakafuni mwa boti haimhusu mtu.

California ina sharti lake lenye maana kubwa kaskazini mwa kaunti ya Ventura: hakuna ruhusa ya kutumia wala kumiliki mkuki baharini ndani ya yadi 100 kutoka mdomo wa mto wowote. Samoni na trauti wamekatazwa kabisa kwa mkuki katika jimbo hilo, na midomo ya mito ndiyo mlango wanaoupitia wanapopanda kwenda kuzaa, kwa hiyo sharti hilo linamtoa mvuvi kwenye kishawishi kabla hajakifikia. Jimbo hilo pia lina hifadhi za bahari 124, zilizotokana na sheria ya mwaka 1999 na kukamilika mwaka 2012, na katika nyingi kati ya hizo hairuhusiwi kuchoma chochote. Hapo imeandikwa kanuni ambayo naitazama kama mfano wa uandishi mzuri. Mzamiaji anaruhusiwa kupita ndani ya hifadhi akitoka sehemu moja kwenda nyingine, akiwa na samaki au bila samaki, lakini kifaa chake kiwe hakijavutwa mpira, kisiwe kimeshikwa mkononi, na yeye mwenyewe abaki juu ya maji. Masharti hayo matatu yanaonekana kwa macho kutoka mbali, hayahitaji mabishano, na yanamwacha mtu mwaminifu aende zake kwa amani.

Bendera ya mzamiaji ni kifaa pia, ingawa haimgusi samaki. Florida inataka iwe na angalau inchi 12 kwa 12 ikiwa inaelea majini, na inchi 20 kwa 24 ikiwa juu ya chombo, na waendesha boti wajitahidi kukaa umbali wa futi 300 kwenye maji ya wazi, au futi 100 kwenye mito, milango ya bahari na njia za vyombo. Anayezamia kwa pumzi na kusogea sana ndiye anayehitaji kulielewa hili zaidi, kwa kuwa bendera iliyofungwa kwenye boti haimlindi akishaogelea mbali nayo. Inampasa aburute yake.

Mwisho kuna mstari usioonekana baharini, unaotenganisha maji ya jimbo na maji ya serikali kuu. Kwa majimbo mengi ya bahari mstari huo uko maili 3 za baharini kutoka pwani, lakini kwa Texas, na kwa Florida upande wa Ghuba ya Meksiko, uko maili 9. Mzamiaji anayeuvuka huingia katika kanuni nyingine kwa kifaa kile kile. Katika Atlantiki ya serikali kuu, papa na jamii ya sulisuli hawaruhusiwi kuvuliwa kwa mkuki na wavuvi wa burudani. Jodari wa aina nne, yaani yule wa macho makubwa, wa mapezi ya njano, albakoa na yule wa mistari tumboni, wanaruhusiwa kwa bunduki ya mkuki, lakini jodari wa mapezi ya buluu, ambaye amewekewa madaraja ya urefu yenye mpaka wa chini na wa juu, haruhusiwi. Nilipoisoma kanuni hiyo mara ya kwanza nilifurahi kuona kwamba waandishi wake wa serikali kuu walifikia mahali pale pale alipofika mwandishi wa kanuni ya snuku. Kibali cha kuwavua jodari hao hutolewa kwa chombo, hakitolewi kwa mtu, kwa hiyo mzamiaji anayealikwa kwenye boti ya mwingine na amuulize mwenye boti kama anacho kabla ya kufunga mshale wake, maana leseni yake mwenyewe ya jimbo haitamsaidia huko.